Kasimele

Katika lugha ya mafundi, lehemu ni madini laini yanayoyeyushwa kwa moto ili kuziba tundu la sufuria au kuunga bomba lililokatika. Wale waliolichukua neno hilo wakalivisha kile ambacho wengi hukiita kolestroli walikuwa na jicho la mshairi, wajue wasijue. Kitu kile kile kikiziba sufuria ni neema, kikiziba mshipa wa moyo ni msiba.

Maalim alilisikia neno hilo kwa maana yake ya pili alipokuwa na umri wa miaka 58, miezi minne baada ya kumzika kaka yake. Marehemu alirudi kutoka sala ya alfajiri, akaketi barazani, akaomba maji ya kunywa. Maji yalipoletwa hayakumkuta mnywaji. Hakuwa mgonjwa wa kujulikana. Hakuwa na dawa hata moja chini ya mto wake. Watu walisema siku imefika, na kweli ilikuwa imefika. Lakini Maalim, aliyemwosha kwa mikono yake, alirudi nyumbani na swali ambalo hakuthubutu kulitamka mbele ya waliokuja kuhani.

Daktari aliyempima alikuwa binti aliyepata kumfundisha darasa la sita. Aliinuka kitini, akasema, "Shikamoo, Maalim," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," kisha akaigeuza karatasi ili mwalimu wake aisome mwenyewe. Lehemu yote ilikuwa 6.4. Ile mbaya, inayotua katika kuta za mishipa, 4.4. Ile njema, inayorudisha mabaki kwenye ini, 1.1.

"Ningependa uanze vidonge, Maalim."

"Nipe miezi mitatu, mwanangu."

Binti hakukubali mara moja. Aliuliza kuhusu sigara, kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya kifua. Majibu yote yalikuwa hapana. "Ungekuwa na kisukari," alisema, "au moyo wako ungekuwa umeshawahi kukusumbua, nisingekupa hata wiki moja. Miezi mitatu, kisha unarudi. Usiponirudia nitakuja kukugongea mlango."

Kwa nini aliomba muhula? Si kwa hekima. Kilikuwa kiburi kidogo na woga mwingi. Alihisi kwamba siku atakayomeza kidonge cha kwanza ndiyo siku atakayokubali kuwa mauti ya kaka yake yanaijua na njia ya kwake.

Basi vita vikahamia jikoni, na jikoni hapakuwa pake. Mkewe alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi aliyopewa na mama yake. Kila siku ya Mungu alikaa juu yake, akakuna, akachuja kwa kifumbu. Tui la pili na la tatu, lile la kupopoo, liliivishia mchuzi. La kwanza, kasimele, zito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana, liliwekwa kando katika bakuli na kumiminwa mwisho, moto ukiwa mdogo, huku upawa ukizungushwa polepole ili tui lisikatike. Katika nyumba ile kumimina kasimele kulikuwa namna ya kusema jambo ambalo watu wa makamo yao hawalisemi kwa mdomo. Sasa karatasi ya hospitali ilidai kwamba mafuta mengi ya nazi yamo humo, na kwamba zaidi ya robo tatu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda.

"Miaka 31 unakula mkononi mwangu," alisema mkewe. "Leo chakula changu kimekuwa sumu?"

Maalim hakuwa na jibu. Alifanya alilolizoea tangu ujana, kwa kuwa shule yake iliishia mapema na mengine yote aliyatafuta mwenyewe: alikwenda kusoma. Alikuta kwamba lehemu si adui aliyeingia kutoka nje. Jina lake la kigeni lilitoka kwa Mfaransa Chevreul mwaka 1815, na limeundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyongo na kitu kigumu, kwa sababu ilijulikana kwanza katika vijiwe vya nyongo. Sehemu kubwa huundwa na mwili wenyewe, na bila hiyo hakuna chembe ya mwili inayosimama. Alikuta pia habari za Wamarekani wawili, Brown na Goldstein, waliotunukiwa Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha kwamba chembe za mwili, na hasa za ini, zina kama milango ya kuipokea lehemu mbaya kutoka kwenye damu. Mafuta yanayoganda huipunguza milango hiyo. Nyuzi laini za shayiri na kunde hufanya kazi kwa njia nyingine: huikamata nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini, likitaka kuunda nyongo mpya, hulazimika kuichota lehemu iliyomo kwenye damu.

Alimweleza mkewe habari ya milango. Hakusema sumu. Bibi alisikiliza akichambua choroko, asiseme kitu. Siku ya tatu uji wa shayiri, ambao katika nyumba ile ulionekana Ramadhani tu, ulikuwa mezani asubuhi. Samli ilipanda rafu ya juu, mafuta ya alizeti yakashuka. Mchuzi ukawa wa ukwaju, au wa tui la kupopoo peke yake, na ndimu na bizari vikaongezwa kufidia. Kasimele ilibakia Ijumaa, kijiko kimoja juu ya pweza. Kijiko hicho aliking'ang'ania mwenyewe, na Maalim alikuwa na akili ya kutobishana.

Lililomuuma zaidi lilikuwa kahawa. Ile ya barazani, inayochemshwa katika dele mpaka ikaiva, ina mafuta yake yanayopandisha lehemu, jambo lililogunduliwa baada ya watafiti wa Norwe, miaka ya 1980, kushangazwa na hali za wanywaji wa kahawa ya kuchemsha. Ikipita kwenye karatasi ya kuchujia, mafuta mengi hubaki nyuma. Lakini nani atakwenda barazani na karatasi? Alishuka kutoka vikombe vitano hadi kimoja, na kimoja hicho akakinywa kwa aibu ya mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Wenziwe walimcheka. Wazee wetu, walisema, walikula nazi tangu kunyonya na walikufa na meno yao. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Katika visiwa vya Tokelau na Pukapuka, huko Pasifiki, watafiti walichapisha mwaka 1981 kwamba wenyeji wa kwanza walipata asilimia 63 ya nguvu zao za chakula kutoka kwenye nazi, na wa pili asilimia 34. Watu wa Tokelau walikuwa na lehemu nyingi zaidi, ila maradhi ya moyo yalikuwa machache kotekote. Lakini wale walivua, walipanda minazi na kupiga makasia, na sukari kwao ilikuwa haba. Barazani pale, aliyepanda kitu kirefu kuliko ngazi ya nyumba yake hakuwapo. Maalim alianza kutembea ufukweni kila jioni, nusu saa, kisha saa nzima.

Mpwa wake aliyeko Dubai alimletea chupa ya vidonge vya mchele mwekundu wa Kichina. "Si dawa, mjomba, ni chakula." Maalim aliipeleka kwa binti, naye akacheka. Mchele ule huchachushwa kwa ukungu, na ukungu huo hutoa kitu ambacho Mjapani Akira Endo alikitambua mwaka 1979, kisichotofautiana hata chembe na lovastatini, dawa ya kidonge iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. "Ni dawa ile ile unayoikimbia," alisema, "ila hapa hakuna aliyekupimia kiasi." Chupa ilibaki hospitali.

Miezi mitatu ilipotimia, lehemu mbaya ilikuwa 3.5. Binti alitaka chini ya 3, lakini alitabasamu, akaandika tarehe nyingine. Kisha akauliza: watoto wa marehemu wamepimwa?

Hawakuwa wamepimwa. Wawili walikutwa salama. Wa tatu, mwenye miaka 34, mwembamba, asiyependa mafuta, alikutwa na 6.8. Daktari hakuzungumza habari ya shayiri. Alisema kuna watu, pengine mmoja katika kila 250, wanaozaliwa na milango michache, na kwamba hili halitokani na jiko la mtu. Akaandika vidonge siku ile ile.

"Ami," kijana alisema wakitoka, "si uliomba miezi mitatu? Na mimi niombee."

"Wewe hupewi," alijibu Maalim.

Tangu hapo, kila usiku baada ya isha, humpigia simu. Hamsalimu kwa kirefu. Humwuliza kama amemeza, na hakati simu mpaka asikie maji yakimiminwa.