Mchezo Upi Umfaao Mtoto Anayechelewa?

Katika mitaa ya Kasongo na katika vijiji vya Kabambare, ni koo chache zisizomjua mtoto wa namna hii: miaka yake ni kumi, lakini maneno yake ni ya mtoto wa miaka mitatu. Wenzake wakikimbia, yeye hubaki nyuma. Wageni wakija, wazazi wengine humficha chumbani. Na siku hizi imepatikana njia nyingine ya kumficha, nayo ni simu. Hutiwa mkononi mwake asubuhi, naye hunyamaza. Betri ikiisha, hulia. Basi wazazi hutuuliza sisi walimu: je, michezo hii ya simu yamfaa mtoto kama huyu, au yamharibu?

Swali hilo limeingia katika ukoo wetu pia. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu aliyeolewa Kabambare, alizaliwa na hali ambayo madaktari huiita kwa jina la Down. Majirani walinong'ona kwamba ni laana. Yafaa wasomaji waujue ukweli. Mwaka 1959, mwaka uleule ambao Kasongo ilifanywa jimbo la kiaskofu, Jérôme Lejeune, daktari Mkatoliki wa Ufaransa, pamoja na wenzake, walitangaza chanzo cha hali hiyo: kwa kawaida chembe za mwili wa mtoto huyo zina kromosomu 47, ambapo watu wengine wana 46. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Tena mtoto huyo hujifunza, ila hujifunza polepole na kwa kurudiarudia.

Njia yake ya kujifunza ni macho na mikono zaidi ya maneno. Maria Montessori, daktari wa Italia, alilitambua jambo hilo alipowafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, hata kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907. Aliwapa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha. Nasi, tulipokwenda kwa dada wakati wa likizo kumsaidia kuchagua michezo, tulilishika fundisho hilo.

Kwanza, tulitazama kama mchezo una mwisho ambao mtoto aweza kuufikia. Mchezo wa nyoka, uliotokea katika simu za Nokia mwaka 1997, na ule wa matofali uitwao Tetris, uliobuniwa Moscow, ni mizuri kwa mwenye vidole vyepesi. Lakini nyoka hurefuka mpaka akajigonga, na matofali huzidi kuanguka kwa haraka. Mpwa wetu aliishia kuitupa simu chini. Tukamtafutia mingine: kuunganisha vipande vinne vya picha, halafu sita, kutafuta picha mbili zilizo sawa, kugusa mnyama na kuisikia sauti yake. Humo hamna saa ya kumkimbiza. Akikosea, hujaribu tena. Siku alipoimaliza picha ya mbuzi peke yake, alipiga makofi, akamwita mama yake aje aone.

Pili, usalama. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mianga myekundu na ya buluu ikipepesa upesi upesi, na watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Kwa hiyo mtoto mwenye kifafa asipewe mchezo wa mianga ya namna hiyo kabla ya kumwuliza daktari. Kadhalika, michezo mingi ya bure ina matangazo, na mtoto asiyejua kusoma hubonyeza kila kitu. Mzazi na aufunge intaneti kwanza, ndipo ampe simu.

Tatu, muda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na kwamba kupungua ni bora zaidi. Dada yetu aliweka nusu saa jioni, kazi zikiisha, naye mwenyewe akiketi kando ya mtoto.

Nne, na hili ndilo kuu, mchezo umlete mtoto kwa watu. Yale aliyozoea katika simu, tuliyatoa nje uani. Badala ya picha, alilinganisha majani ya miti. Kisha tulichimba mashimo ya bao, mchezo ambao wengine katika nchi yetu huuita kisolo, tukakusanya mbegu. Hesabu za bao zamshinda, ila kugawa mbegu moja moja, shimo kwa shimo, ameweza. Mtoto wa jirani hufikiri, mpwa wetu hugawa, nao wawili huwa upande mmoja. Zamani watoto wa mtaa walimwita kwa jina la dhihaka. Sasa husimama mlangoni na kumwita kwa jina lake la ubatizo.

Nchi yetu ilitoa sheria tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini sheria haiwezi kuketi uani na kucheza na mtoto. Hiyo ni kazi ya jamaa na majirani.

Basi, wazazi wapenzi, mkitaka kujua kama mchezo umefaa, mtazameni mtoto baada ya simu kuzimwa. Akitoka kumtafuta mwenzake, mwacheni auendelee. Akijikunyata pembeni na kukataa hata chakula, uondoeni, mkamtafutie mwingine, nanyi mketi naye.