Katika Nyumba ya Wenyeji Wetu Mjini Fez

Kijana aendaye nchi ya mbali kutafuta elimu huwa na walimu wa namna mbili: wale wa darasani, na wale wa nyumba anamolala. Wazee wake humwuliza sana habari za wale wa kwanza. Lakini hawa wa pili ndio wamwonao asubuhi na usiku, na aghalabu ndio wamtengenezao tabia. Kwa hivyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyumba moja ya mji wa Fez, nchini Moroko, ambamo tulikaa tulipokuwa tukisoma Kiarabu.

Mji wa kale wa Fez una umri wa zaidi ya miaka 1,200. Ndani yake umo msikiti wa Qarawiyyin, ambao yasimuliwa kuwa ulianzishwa mwaka 859 na bibi mmoja, Fatima al-Fihriyya, kwa mali aliyorithi. Njia zake ni nyembamba hata motokaa haziingii, mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na mwenye mnyama hupaza sauti, "Balak!", kama sisi tusemavyo, "Simile!" Nyumba huelekea ndani, kwenye ua wa katikati, mfano wa nyumba za kale za Lamu.

Mwenye nyumba tulimwita Sidi, na mkewe Lalla, ndiyo heshima ya huko. Adabu ya kwanza tuliyofunzwa ni ya mlangoni. Nyumba ilikuwa na mabinti. Basi kila mwanamume, hata awe mwana wa nyumba ile, alipiga hodi na kungoja mpaka aambiwe apite.

Asubuhi Lalla alikanda unga, na mtoto akauchukua mkate ubaoni, umefunikwa kitambaa, mpaka tanuri la mtaa. Mwokaji huijua mikate ya kila nyumba, wala hachanganyi. Chakula kililiwa katika sahani moja kubwa, kwa mkono wa kulia, kila mtu akila mbele yake, kama Mtume (s.a.w.) alivyofundisha. Nyama nzuri Lalla aliisukuma upande wetu sisi wageni. Tuliposhiba, ilitupasa kusema "safi", ambalo kwetu ni neno la usafi, na kwao lina maana ya "basi, yatosha". Lakini hakulikubali mpaka tulitamke mara tatu! Siku ya Ijumaa, baada ya sala, kulikuwa na kuskusi yenye mboga nyingi, na jirani maskini alipelekewa sehemu yake kabla yetu.

Katika sala ndipo palipokuwa na mtihani. Watu wa Moroko ni wafuasi wa Imamu Malik. Wengi wao husali mikono imeachwa ubavuni. Kunuti ya alfajiri husomwa kwa siri kabla ya rukuu, ilhali sisi Mashafii twaisoma baada ya rukuu, na imamu wetu huisoma kwa sauti. Qurani nayo huisoma kwa riwaya ya Warsh, ambayo masikio yetu hayakuizoea. Mwanafunzi mwenzetu mmoja, kijana mwenye hamasa, alianza kunong'ona kwamba sala zile zina kasoro, na kwamba afadhali tuhame. Habari zikamfikia Sidi. Hakukasirika. Alimkalisha karibu naye, akammiminia chai ya nanaa, akasema: "Mwanangu, babu yangu alisali hivi, na babu yako alisali vile, na wote wawili walielekea Makka. Kunywa chai." Kijana yule akainamisha kichwa. Tangu usiku ule hakukosa kukaa pamoja na wazee baada ya Magharibi, wakisoma hizbu kwa sauti moja.

Na jambo hili si geni baina ya nchi zetu mbili. Mwaka 1331 Ibn Battuta, Mmoroko na mfuasi wa Imamu Malik, alifika Mombasa na Kilwa. Kabla ya hapo, Mogadishu, alikuwa amekaribishwa katika nyumba ya wanafunzi. Aliwakuta watu wa Mombasa ni Mashafii, akawasifu kwa dini na wema. Habari hizo aliziandikisha katika mji huo huo wa Fez, na kitabu kikamalizika mwaka 1355. Yeye aliona wema wa watu kabla ya kutazama tofauti zao.

Haki ya mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Sisi tulikaa miezi. Kodi tuliilipa, lakini kodi hununua chumba tu. Hainunui mtu wa kukesha kando yako ukishikwa na homa, kama Lalla alivyokesha.

Basi enyi vijana mnaosafiri, msiifanye nyumba ya watu kuwa hoteli. Jifunzeni adabu zake, chukueni zawadi hata ikiwa ni sukari, na mkirudi makwenu msiache kuwaandikia. Nanyi wazazi, mtoto wa mwenzenu akifika mlangoni penu, mkumbukeni mtoto wenu aliye mbali. Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wanaowapokea watoto wa watu. Amin.