Mheshimiwa kutoka soko la samaki

Wadau, kimya changu kisiwatishe. Nilikuwa nimezama kwenye maisha ya Al Smith wa New York. Jamaa aliacha shule hata miaka 15 hajafika, baba yake alipofariki, akaja kufanya kazi soko la samaki la Fulton. Yaani Feri yao! Ukubwani, watu wakizungumzia shahada, yeye alikuwa akitaja soko hilo.

Mwaka 1904 akaingia bunge la jimbo. Aliletwa na Tammany Hall, mtandao wa kisiasa ulionuka rushwa, kwa hiyo msinielewe kwamba namtangaza malaika. Miswada ilimshinda. Lakini badala ya kusinzia (wanaosinzia tunawajua), alikaa nayo usiku mpaka ikamwingia.

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kikaungua. Watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Smith akawa makamu mwenyekiti wa tume ya uchunguzi, akaingia viwandani kujionea, kisha akarudi bungeni kupigania sheria za usalama. Alichaguliwa gavana mara 4. Urais akaukosa mwaka 1928.

Mimi shahada ninayo, mama ameitundika sebuleni. Mwezi uliopita niliandika habari ya muswada kwa kutegemea hotuba tu. Muswada wenyewe ulikuwa mezani kwangu, sikuufungua. Hakuna aliyegundua.

Jana usiku nimeufungua. Nipo ukurasa wa 9. Jamani, ni mgumu!