Barabara ya Natron: Tairi sahihi ni sehemu ya usalama wa familia

Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu, gari lolote zima linafika. Lami inapita Makuyuni, inaukaribia ukingo wa Bonde la Ufa, na watoto waliokuwa wamelala huamshwa na wauza ndizi nyekundu. Safari inayopima gari huanzia hapo, kwa anayekata kulia kuelekea Engaruka, Engaresero na Ziwa Natron, au anayeendelea juu hadi Sale, Wasso na Loliondo.

Ni njia ya zaidi ya kilometa 200. Kipande cha juu, kati ya Wasso na Sale, chenye kilometa 49, kimewekwa lami. Sehemu kubwa iliyobaki ni changarawe, majivu ya volkano, makorongo ya mchanga na mawe meusi yenye kingo kali. Pembeni imesimama migunga, na miiba yake haichagui gari la mtalii wala la mwalimu.

Familia zinazokwenda huko zina sababu nzuri. Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, una urefu wa mita 2,962 na bado ni volkano hai. Ziwa Natron ndilo zalio kuu la heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Karibu na Engaresero kuna zaidi ya nyayo 400 za watu wa kale zilizohifadhiwa kwenye majivu yaliyogeuka mwamba. Mtoto wa shule ya msingi akiweka mguu wake pembeni ya unyayo wa namna hiyo, somo la historia halimtoki tena.

Lakini barabara hii haibebi watalii tu. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania na majirani zao waliipita kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila, kilichotolewa kwa shilingi 500. Walikwenda kwa magari ya kila aina, na baadhi ya wagonjwa walifariki kabla ya kufika. Siku za kawaida wanaopita ni wauguzi, walimu, wafanyabiashara na akina mama wanaokwenda Hospitali ya Wasso.

Kuchelewa kunakoanzia kwenye gurudumu

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Kubadilisha tairi kwenye kokoto, usiku, kwa jeki inayozama mchangani, kunaweza kula nusu saa au zaidi. Likipasuka la pili na hakuna la akiba, hesabu inageuka kuwa ya kusubiri gari jingine lipite.

Katika vijiji vya pembezoni, gari linalogongewa hodi usiku si lazima liwe la wagonjwa. Mara nyingi ni la mfanyabiashara, la mwalimu mkuu au la kanisa. Kwa hiyo mzazi anayenunua matairi ya gari lake la 4WD kwa ajili ya njia kama hii hanunui kwa ajili ya watoto wake peke yao.

Si lazima liwe na kashata kubwa

Wengi hudhani tairi la kudumu ni lile lenye vipande vikubwa vya mpira, ambavyo mafundi huviita kashata, na nafasi pana katikati yake. Hilo ni tairi la matope, lenye alama ya M/T. Linafaa kwa anayeshinda kwenye tope zito. Kwenye lami ya Arusha hadi Mto wa Mbu linapiga kelele, huisha haraka, na breki zake kwenye lami yenye maji si nzuri kama za matairi mengine.

Upande wa pili kuna tairi la barabara kuu, H/T. Ni tulivu na halili mafuta sana, lakini kashata zake ni fupi na ubavu wake kwa kawaida ni mwepesi. Jiwe la Engaruka halihitaji muda mrefu kuuchana.

Katikati ndipo lilipo tairi la barabara mchanganyiko, A/T. Kwa familia inayotumia lami siku nyingi na vumbi siku chache lakini ngumu, hili ndilo chaguo la kuanzia. Kampuni kubwa karibu zote zinalitengeneza, na BFGoodrich imekuwa nalo tangu mwaka 1976. Hata hivyo, herufi A/T hazimalizi kazi. Matairi mawili yenye alama hiyo yanaweza kutofautiana kabisa kwa ugumu wa ubavu, na ubavu ndio unaoamua kama familia italala njiani.

Kusoma ubavu wa tairi

Toyota Prado nyingi hutumia tairi la 265/65R17. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 65 inaonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani takribani milimita 172. Herufi R ni aina ya usukaji wa nyuzi za ndani, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Baada ya hapo mara nyingi huandikwa 112S. Namba 112 inamaanisha tairi moja linabeba hadi kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilometa 180 kwa saa. Tairi la ukubwa huohuo likianza na herufi LT, lililotengenezwa kwa magari ya mizigo midogo, linaweza kuandikwa 120/117S, na hiyo 120 ni kilo 1,400. Tofauti hiyo huletwa na mwili mzito zaidi, unaovumilia mawe na miiba vizuri zaidi.

Uimara huo una gharama. Tairi la LT ni zito, linarusha abiria zaidi, linaongeza matumizi ya mafuta na linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule. Kwa gari linalokwenda Natron mara moja kwa mwaka, A/T la kawaida lenye ubavu mzuri linaweza kutosha. Kwa linalopanda Loliondo kila wiki likiwa na mizigo, LT ni haki yake.

Kuna tarakimu nyingine nne ambazo wauzaji wachache huzitaja. Zimo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na jua huharakisha uzee huo. Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi angalau mara moja kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata bado zinapendeza. Ndiyo maana tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa hatari kuliko jipya la bei ya kati: macho yanaona kashata, hayaoni umri.

Bei ihesabiwe kwa kilometa

Chukua mfano wa matairi mawili. La kwanza linauzwa shilingi 350,000 na linadumu kilometa 35,000. La pili ni shilingi 600,000 na linadumu kilometa 75,000. La kwanza limegharimu shilingi 10 kwa kila kilometa, la pili shilingi 8. Lililoonekana ghali dukani ndilo rahisi barabarani, na hapo bado hazijahesabiwa pancha, siku zilizopotea na hofu ya watoto.

Mzazi asiyeweza kulipia manne ya bei ya juu kwa mara moja asije akanunua mawili ya aina hii na mawili ya aina ile. Prado nyingi huzungusha magurudumu yote manne muda wote. Matairi yakitofautiana ukubwa au yakiwa yameisha kwa viwango tofauti sana, mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hulazimika kufidia tofauti hiyo kila kilometa, na matengenezo yake ni ghali kuliko matairi. Ni afadhali manne ya bei ya kati yanayofanana.

Baada ya kununua, uhai wa tairi uko mikononi mwa mwenye gari. Matairi yabadilishwe nafasi kila kilometa 8,000 hadi 10,000, alaimenti ipimwe baada ya safari ya mashimo, na shokapu zilizochoka zibadilishwe, kwa sababu hulifanya tairi liruke na kulika kwa mabaka.

Upepo: dawa ya bei rahisi kuliko zote

Namba ya upepo iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwenye ubavu wa tairi. Ile ya ubavuni ni kiwango cha juu kabisa, na wanaoijaza hiyo huondoka na tairi gumu linalochanika kirahisi kwenye jiwe. Ikiwa matairi mapya ni ya LT na ya awali hayakuwa LT, fundi aulizwe kiwango kipya, maana hicho cha mlangoni kinaweza kuwa kidogo kwake.

Kipimo kifanyike asubuhi, tairi likiwa la baridi. Bonde la Natron lina joto kali, na upepo ndani ya tairi hupanda kadiri linavyopata moto. Dereva anayepima mchana, akaona namba imepanda na kuutoa, atakuwa na upungufu jioni. Na upungufu huo ndio muuaji mkubwa wa matairi: ubavu hujikunja kupita kiasi, hupata moto kwa ndani, na siku moja hupasuka kwenye lami nzuri, gari likiwa kwenye mwendo.

Kupunguza upepo kwa makusudi ni jambo jingine. Kwenye changarawe yenye mikunjo kama ya bati, madereva wazoefu hushusha kidogo, kwa mfano kutoka PSI 35 hadi 28 au 30, ili tairi lilikumbatie jiwe badala ya kupambana nalo. Mtikisiko hupungua, na anayefaidi zaidi ni mjamzito na mtoto anayetapika njiani. Kwenye mchanga wa korongo wanaweza kushuka hadi karibu PSI 20 kwa mwendo wa taratibu sana. Masharti ni mawili: mwendo ushuke pamoja na upepo, na gari liwe na pampu ya kuurudisha kabla ya lami. Asiye na pampu asipunguze.

Mizigo nayo ina neno lake. Kilo 1,120 zilizoandikwa ubavuni ni za tairi lililojazwa sawasawa. Gari lenye abiria saba, madumu ya maji na magunia juu ya paa huegemea matairi ya nyuma, na yakipungukiwa upepo, namba ile haina maana tena. Mzigo wa juu pia hulifanya gari liyumbe kwenye kona za kupanda kutoka Engaresero kwenda Sale.

La akiba ndilo la kwanza

Kwenye njia hii madereva wengi wenye uzoefu hubeba matairi mawili ya akiba. Tundu la mwiba kwenye kashata huzibwa na fundi na maisha yanaendelea. Ubavu uliochanika hauzibwi kwa usalama, hata fundi akiahidi kuweka tyubu ndani. Tyubu hiyo ni ya kutembelea polepole hadi kituo kinachofuata, si ya kurudi nayo Arusha na watoto.

Msimu nao uangaliwe. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa maji jioni, na hakuna kashata inayoshinda mafuriko. Mwenye watoto husubiri maji yapungue au hugeuza gari. Kwa hiyo maji ya kunywa, chakula na dawa za watoto vitosheleze siku moja zaidi ya ile iliyopangwa, na mtoto mdogo afungwe kwenye kiti chake hata mwendo ukiwa wa kilometa 30 kwa saa, kwani shimo halisubiri gari likimbie.

Tairi la akiba husahaulika kwa sababu limefichwa chini ya gari au limefunikwa mlangoni. Huzeeka huko huko bila kutembea, na huishiwa upepo bila mtu kujua. Jioni kabla ya safari lishushwe chini, lipimwe upepo kama mengine, jeki na spana yake vijaribiwe pale nyumbani, na tarakimu zile nne zisomwe kwa tochi ya simu. Mabegi ya watoto yapakiwe baada ya hapo.