Kaole: Mji Uliobakiwa na Misikiti Yake

Atokaye Mbegani kuelekea Bagamoyo mjini hukutana na Kaole kabla hajafika, upande wa bahari. Tulifika hapo baada ya swala ya Alasiri, tukiwa na watoto, nao wakauliza mara moja: "Jumba la mfalme liko wapi?"

Swali hilo lina haki yake. Kule Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali litazamalo bahari: vyumba zaidi ya 100, birika la pembe nane, na ngazi za kushukia majini. Ibn Battuta alimzuru mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu na unyenyekevu. Hata hivyo, kasri lile lilihamwa kabla halijakamilika. Msikiti Mkuu, ambao sultani huyo huyo aliupanua, uliporomoka baadaye, watu wakaujenga upya na kuendelea kuswali humo.

Kaole hakuna kasri la kuonyesha. Zimesimama kuta za misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yaliyoizunguka. Vyote ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nayo chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Bahari iliwapa wazee wetu chakula, njia na jengo. Mihrabu imeelekea kaskazini, kwani kutoka pwani hii Makka iko karibu kaskazini kamili.

Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, ushahidi kwamba hapa palikuwa na bandari. Leo mahali pa bandari pamejaa mikoko. Vyombo vilipokosa maji ya kutosha, biashara ilihamia Bagamoyo, na Kaole ikanyamaza.

Ndugu msomaji, jambo moja lilitusikitisha. Tuliona majina ya wageni yamekwaruzwa ukutani, na watu wameketi juu ya kaburi wakipiga picha. Mtume (s.a.w.) alikataza kukaa juu ya makaburi, na alihimiza kuyazuru ili tuikumbuke Akhera. Umri wa kaburi haumwondolei maiti heshima yake. Basi tuwafundishe watoto, kabla ya kuingia, kuwatolea salamu waliolala hapo, kuwaombea dua, na kutoivunja wala kuiandika kuta iliyojengwa kwa ajili ya swala.

Tuliwajibu watoto hivi: watu wa mji huu hawakutuachia jumba la mfalme, wametuachia mahali pa kusujudu. Mmoja akasimama mbele ya mihrabu, akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, akauliza kama nyumbani nako qibla ni huko huko. Tukamwambia ndiyo. Jua lilikuwa linazama, tukaharakia kijijini kuiwahi Magharibi.