Pikipiki za Singida na masikio ya mtoto wako

Ukitokea Dodoma kwa basi, mwendo wa kilomita zipatazo 240, Singida hujitambulisha kabla hujafika mjini: mawe makubwa yaliyopandana, mashamba ya alizeti na upepo usiochoka. Ukishuka Stendi ya Misuna unapokewa na kitu kingine, mlio wa pikipiki.

Hapa bodaboda ndiyo teksi na ndiyo gari la mizigo. Hupeleka mama kliniki, hubeba matenga ya kuku na madumu ya mafuta ya alizeti, na asubuhi hupeleka watoto shuleni. Mji huu hauwezi kwenda bila bodaboda, na makala haya hayaiombi iondoke. Yanazungumzia kipande kimoja cha pikipiki ambacho wazazi wengi hatukiangalii, nacho ni sailensa.

Pikipiki hutoka dukani ikiwa na sailensa kwenye ekzosi. Ndani yake mna vyumba na matundu yanayopunguza nguvu ya mlio kabla haujatoka nje. Ikiwa nzima, pikipiki ndogo ya biashara hupita mtaani bila kumshtua mtu. Lakini zipo zinazotobolewa ekzosi au kufungwa nyingine ili zingurume. Baadhi ya madereva husema kelele inawasaidia kusikika na madereva wa malori. Kwa wengine ni mbwembwe tu. Msafara wa harusi ukipita, au timu ikishinda Uwanja wa Liti, injini huzimwa na kuwashwa pikipiki ikiwa kwenye mwendo ili ekzosi ilipuke kama risasi.

Kijiwe nacho hufuata watu: kwenye soko, lango la hospitali, nje ya shule. Palipo na watu wengi pana watoto pia. Jirani na kijiwe utakuta mama mwenye genge la nyanya na vitunguu, mtoto wake amelala kwenye kanga chini ya meza. Abiria huondoka baada ya dakika mbili, ila mtoto huyo yupo hapo tangu asubuhi hadi jioni.

Wanavyopima kwenye viwanja vya mbio

Uingereza kuna viwanja vya mbio ambavyo mtu wa kawaida hulipia siku nzima kuendesha pikipiki yake kwa kasi. Ungetarajia huko kelele ziwe ruksa. Sivyo. Kabla ya kuingia, pikipiki hupimwa. Injini ikiwa imepata moto na gia ikiwa huru, mkaguzi hushika kipima sauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45. Mwendeshaji hupandisha injini hadi mzunguko uliopangwa na kuushikilia hapo, kisha namba inasomwa.

Katika viwanja vingi vya huko kikomo ni desibeli 105, na siku nyingine huwa chini ya hapo. Inayozidi haiingii mpaka irekebishwe. Hata iliyofaulu huweza kupimwa tena ikiwa inapita, na ikizidi hutolewa. Goodwood, uwanja uliofunguliwa tena mwaka 1998, una siku chache tu kwa mwaka za kukimbia bila kikomo cha kelele, kwa sababu kuna majirani wanaohitaji kulala.

Kipimo hicho ni cha dakika chache. Pikipiki ya kuchezea inapimwa kabla ya kuingia uwanjani, ilhali inayopita mbele ya wodi ya wazazi hapa kwetu haipimwi na mtu.

Hesabu ya mzazi

Mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60. Desibeli haziendi kama kilo za unga. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti huwa mara mbili, na muda salama wa kuisikia hupungua nusu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) yalizindua viwango vya usalama kwa vifaa vya kusikilizia muziki. Mtu mzima aliwekewa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtoto aliwekewa 75 kwa saa hizo hizo.

Sasa chukua pikipiki inayotoa desibeli 105 nusu mita kutoka kwenye ekzosi. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Kwenye mita moja ni 99, mita mbili ni 93, mita nne ni 87, mita nane ni 81. Kwa hesabu ya mtoto, desibeli 87 ni saa mbili na nusu tu kwa wiki nzima. Desibeli 81 ni saa 10. Kusogeza genge mita nne kunamwongezea mtoto muda salama mara nne, na hakuhitaji shilingi.

Upepo wa Singida nao una mchango wake. Huipeleka sauti upande unaoelekea, kwa hiyo anayekaa chini ya upepo husikia zaidi.

Kinachoharibika ni vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, vinavyogeuza sauti kuwa taarifa kwa ubongo. Vikifa havioti tena. Hasara huja polepole bila maumivu, na mtoto hawezi kuieleza kwa sababu hajui wengine wanasikiaje.

Unachoweza kufanya

Chagua pikipiki kwa sikio. Ukimpangia mtoto bodaboda wa kila siku, angalia breki, kofia ngumu na ekzosi. Isipotobolewa, mpe kazi hiyo. Dereva akijua wazazi wanakwepa kelele, atatafuta fundi mwenyewe. Naye ndiye anayekaa juu ya mlio huo kutwa nzima, na wengi wao ni baba wa watoto.

Ongeeni kama mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lina jukumu la kuzisimamia. Lakini mazungumzo ya mwenyekiti wa mtaa, kamati ya shule na kiongozi wa kijiwe yanaweza kuhamisha kijiwe kutoka dirisha la darasa wiki hii hii.

Mchunguze mtoto. Mchanga asiyeshtuka kwa mlio wa ghafla, wa miezi sita asiyegeukia sauti, wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake, apelekwe kituo cha afya. Kwa wa shule, angalia anayeongeza sauti ya televisheni, anayeuliza "nini?" kila mara, au aliyeanza kushuka darasani ghafla. Usimtie mafuta ya moto wala kijiti cha pamba sikioni. Muulize mhudumu kuhusu kliniki ya masikio, pua na koo.

Yape masikio mapumziko. Mji huu una bahati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi pembezoni mwake, Singidani na Kindai. Mpeleke mtoto ufukweni jioni moja, simama nyuma yake hatua kadhaa, kisha mwite kwa sauti ya chini. Hicho si kipimo cha hospitali. Lakini asipogeuka hata ukirudia, usingoje hadi mwalimu akuandikie kwamba mtoto wako hasikilizi darasani.