Likizo ya njuga: kiangazi changu Kwihara

Kimya kingi kina mshindo. Nimerudi Mlimani tangu juzi, begi bado sijalifungua lote, na kila ninayekutana naye pale kafeteria ananiuliza swali lile lile: mbona umekuwa mweusi hivyo, halafu unachechemea? Jibu lake ni refu kidogo, ndio maana naliandika hapa nisije nikalirudia mara mia. Wengine likizo hii mlikwenda fildi, wengine mlibaki Dar kusaka vibarua. Mimi nilipanda basi la Tabora kupitia Manyoni na Itigi, nikafika nyumbani, nikafungwa njuga miguuni na kucheza ngoma kijiji hadi kijiji, kuanzia mwanzoni mwa Julai mpaka katikati ya Septemba.

Kwa wasiopajua, nyumbani kwetu ni Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini. Wageni wakifika huko wanakwenda kuliona tembe la Livingstone, lile lililojengwa upya. Yeye na Stanley walifika hapo pamoja Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka mwezi uliofuata, Livingstone akabaki anasubiri wapagazi mpaka Agosti. Mgeni akishaliangalia tembe, akapiga picha na miembe, anageuza gari. Ngoma haioni, kwa sababu ngoma inaanza jua likishapungua makali na yeye kesharudi hotelini.

Kwetu kiangazi ndio msimu wa mbina, yaani ngoma za kuchezwa. Mahindi yameshavunwa, karanga ziko ndani, watu wana vijisenti vya tumbaku au asali na hawana haraka ya kwenda shamba. Harusi zinafungwa, matanga yanaondolewa, na kila mwenye sherehe anataka ngoma uani kwake. Kundi letu lina watu kumi na tisa. Mjomba wangu ndiye mpiga ngoma kubwa, na babu, kaka yake marehemu babu yangu mzaa mama, ndiye ningi. Ningi ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo. Yeye anatoa, sisi tunapokea. Mwaka huu babu ametimiza miaka sabini na nne.

Mazoezi yalinitoa jasho jamani. Unafungwa njuga kumi na mbili kila mguu, unapewa manyanga mikononi, halafu unaambiwa miguu iseme jambo moja na mikono ijibu jingine. Wiki ya kwanza vifundo vya miguu vilivimba, bibi akawa ananikanda kwa maji ya chumvi huku akinicheka: "Mume wangu, chuo kimekuharibu, hata kukanyaga ardhi hujui." Ndio utani wa bibi na mjukuu huo, hamna pa kukimbilia.

Nikiwa nakandwa ndio babu alinifundisha historia ambayo sikuisikia vizuri hata darasani. Wanyamwezi walibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, pembe za ndovu zikishuka na nguo zikipanda. Mbele ya msafara alitembea kirangozi na ngoma yake, amejipamba kwa manyoya kichwani na nguo nyekundu, na nyimbo ndizo zilizowafanya watu waende hatua moja. Nyimbo na mitindo ya kucheza ilisafiri na mizigo. Hata utani wetu na Wazaramo na Wagogo tunaambiwa ulizaliwa au ulikomaa njiani humo, maana mtu uliyelala kwake na kula chakula chake huwezi kumchukia kirahisi. Babu anasema mguu wa ngoma yetu ni mguu wa mpagazi: mzito chini, mabega yametulia kana kwamba kuna mzigo juu. Tangu aniambie hivyo nikaanza kuupata.

Basi bwana, tukaanza mzunguko. Ngoma tulizifunga kwenye baiskeli, sisi wenyewe wengine baiskeli, wengine mguu. Tumecheza Kwihara kwenyewe, Itetemia, Tumbi, Inala na kwenye vitongoji ambavyo hata majina yake sikuwahi kuyasikia. Jumamosi ni harusi. Jumapili mchana ni vilabu vya pombe, chini ya mwembe, watu wamekaa kwenye mabenchi na vikombe vya wanzuki. Mkicheza vizuri mwenye kilabu anawapa ndoo, na walevi wanakuja kuwabandika noti za elfu moja kwenye paji la uso. Mkicheza vibaya, mtaambiwa hapo hapo. Mzee mmoja wa Tumbi alisimama katikati ya wimbo akatuuliza kama tumekuja kucheza au kuua siafu.

Hela si ya kujivunia. Siku nzuri kila mtu anaondoka na elfu nne au tano, na viazi, na kuku akikosa bahati. Kuna kampuni moja, jina kapuni, ilituita tutumbuize kwenye uzinduzi wa bidhaa yao mjini. Wakataka dakika tatu, bila nyimbo, "mlio tu". Tukacheza dakika tatu. Malipo tunayasubiri mpaka leo. Babu hakulalamika, alisema tu kwamba wimbo ukitolewa kwenye ngoma kinachobaki ni kelele, na kelele haidaiwi.

Sasa niwape lile lililonifanya niandike. Katikati ya Agosti tulikuwa Inala kwenye harusi, saa kumi na moja jioni, uwanja umejaa. Babu alianza wimbo wa tatu, sauti ikakatika. Haikukwaruza, ilikatika kabisa. Alifungua mdomo tena, hakikutoka kitu. Mjomba akaendelea kupiga, sisi tukaendelea kukanyaga, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Ngoma bila ningi inaweza kwenda dakika moja au mbili, baada ya hapo watu wanaanza kutazama sahani. Ndipo kwenye mstari wa wanawake ikatoka sauti nyembamba lakini imenyooka, ikashika pale pale babu alipoachia. Ilikuwa ya binamu yangu, mtoto wa shangazi, kidato cha nne, miaka kumi na saba. Aliimba ubeti wa babu, akaimba unaofuata, halafu akaweka wake mwenyewe akimtaja bibi harusi na ukoo wake na mbuzi aliyekimbia asubuhi akasumbua kijiji kizima. Uwanja ulilipuka.

Usiku ule tulirudi kimya. Kesho yake ugomvi. Wazee wawili wa kundi walisema binti hawezi kuwa ningi wa wanaume, atatukanwa na makundi mengine. Mjomba akasema mwenye sauti ndiye ningi. Shangazi yeye hakuwa na habari na mila, alikuwa na habari na mtihani. "Mwanangu ana mtihani wa taifa Novemba, nyinyi mnataka kumpeleka vilabuni akaimbie walevi?" Na kusema kweli, shangazi alikuwa na hoja. Kule kwetu mabinti wangapi wameacha shule wakati wa mavuno wasirudi tena? Halafu akanigeukia mimi: "Wewe uliyesoma, sema naye."

Nikaenda kusema naye. Alikuwa anaanika michembe. Nikamuuliza anataka nini, akanijibu anataka vyote viwili na haoni kwa nini lazima achague, kwani mimi niliacha chuo ili nicheze? Sikuwa na la kumjibu. Niliwahi kusoma kuhusu Waingereza wanaocheza Morris: nao wanajifunga njuga miguuni, wanacheza kiangazi vijijini na mbele ya vilabu vya pombe, na kumbukumbu za malipo ya wachezaji zipo tangu 1448. Mwaka 1934 vikundi vyao viliunda umoja wa wanaume peke yao. Wanawake walichoka kusubiri, wakaunda shirikisho lao mwaka 1975. Nilimsimulia. Akacheka, akasema yeye hawezi kusubiri miaka arobaini na moja, babu hana sauti ya kumsubiri.

Tulikaa kikao uani kwa bibi. Yaliyokubaliwa ni haya: vilabuni haendi, kabisa. Anaimba Jumamosi tu, harusini na kwenye sherehe za mavuno, na jua likizama anarudi na mama yake. Jumatatu hadi Ijumaa ni shule, na jioni mimi namfundisha hesabu, maana ndiko anakoumia. Babu, ambaye sasa anaongea kwa kunong'ona, alimpa manyanga yake. Wale wazee wawili walinyamaza. Mmoja alikuja Jumamosi iliyofuata, mwingine hajarudi mpaka leo, na kundi linamkosa kwa sababu ngoma yake ndogo hakuna anayeipiga vile.

Kwa hiyo tumemaliza msimu watu kumi na nane. Binamu ameongoza Jumamosi nne, na aliteleza mara moja tu, pale Itetemia, akasahau kiitikio cha wimbo wa zamani. Babu hakuweza kumsaidia kwa sauti, akamwonyesha kwa mkono. Nyimbo nimezirekodi kwenye simu, zipo kama ishirini na tano, lakini babu ananiambia nisijidanganye: hizo ni za siku ile na watu wale, ningi anatakiwa ajue kutunga za kesho.

Novemba mvua zinaanza, njuga zinatundikwa ukutani, na binti anaingia kwenye chumba cha mtihani. Kila Jumatano usiku nampigia simu tunafanya maswali ya milinganyo, vocha zinaniisha na bumu halijatoka. Mwenye vitabu vya hesabu vya kidato cha nne asivyovihitaji tuonane pale Nkrumah, nina mtu anakwenda Tabora wiki ijayo.

Na nyie mliotoka Newala, Bukoba, Pemba, kwenu nani anaimba mzee akipotewa na sauti? Tuambizane. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi, na miguu bado inauma.